Umezaa Watoto Wangapi? Historia ya Swali Moja la Sensa ya Uganda



Katika masomo yaliyotangulia tulieleza kwamba sensa ni hesabu ya watu wote waliolala nchini katika usiku mmoja uliotangazwa na serikali. Kwetu Uganda, usiku wa karibuni zaidi wa namna hiyo ulikuwa ule wa kuamkia tarehe 10 Mei 2024. Makarani walipita nyumba kwa nyumba, kuanzia vilima vya Kampala hadi nyanda za Karamoja, wakiwa na vishikwambi badala ya makaratasi, na hesabu ya mwisho ikaonyesha kuwa tumefika watu milioni 45.9.

Wengi wenu hudhani kuwa kazi ya karani ni kuuliza, "Mko wangapi humu ndani?" kisha kuandika idadi na kuondoka. Kumbe dodoso la sensa lina maswali mengi, na baadhi yake huwahusu wanawake peke yao. Mwanamke huulizwa amezaa watoto wangapi katika maisha yake. Huulizwa wangapi anaishi nao, wangapi wanaishi kwingine, na wangapi wamefariki. Mwisho huulizwa mtoto wake wa mwisho alizaliwa lini.

Somo la leo linahusu historia ya maswali hayo. Ni historia inayostahili kujulikana na kila raia, kwa sababu kwa miaka mingi mambo ya uzazi wa wanawake wa Uganda yalisemwa na watu wengine, na wenyewe hawakuulizwa.

Walipozungumziwa bila kuulizwa

Hesabu za kwanza za watu chini ya utawala wa Waingereza zilifanyika mwaka 1911, 1921 na 1931. Hazikuwa sensa kwa maana tunayoijua leo. Kwa Waafrika, serikali iliwategemea sana machifu, nao waliripoti idadi ya watu wa maeneo yao. Kumbuka pia kwamba Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulileta kodi ya nyumba, rupia 3 kwa kila nyumba. Mtu aliyemwona mjumbe wa chifu akihesabu vichwa alikuwa na sababu nzuri ya kudhani kwamba baada ya hesabu itafuata kodi. Basi wengine walijificha, na wengine walipunguza idadi. Wanawake na watoto waliingizwa katika jumla ya nyumba, bila yeyote kuwauliza neno.

Hata hivyo, wakubwa wa siku zile walizungumza sana juu ya matumbo ya wanawake hao. Mwaka 1908 daktari wa jeshi la Uingereza, Kanali F. J. Lambkin, aliandika kwamba kaswende ilikuwa imewaenea sana watu wa Buganda, na kwamba hatari ya kabila zima kutoweka ilikuwa karibu. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni uhuru ambao wanawake walikuwa wameupata baada ya desturi za zamani kulegea. Maneno yake yaliaminiwa. Hospitali ya Mulago, ambayo leo ni hospitali kuu ya rufaa nchini, ilianza mwaka 1913 kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa. Watu wakalazimishwa kupimwa miili yao, na wanawake wakabeba lawama.

Je, Lambkin alikuwa na hesabu gani ya uzazi? Hakuwa na hesabu yoyote iliyotokana na wanawake wenyewe, nyumba kwa nyumba. Mwaka 1956 Dkt. J. N. P. Davies, aliyefundisha patholojia Makerere, aliipitia upya historia hiyo. Alieleza kwamba sehemu kubwa ya ugonjwa ulioitwa kaswende ya zinaa huenda ilikuwa ya aina nyingine, inayoenea kwa kugusana katika maisha ya kawaida, hata miongoni mwa watoto. Kwa karibu nusu karne, basi, taifa zima lilikuwa limesemwa kwa ushahidi dhaifu.

Mwaka 1948: swali linaulizwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilihitaji takwimu za kuaminika ili kupanga maendeleo. Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Nairobi, ilisimamia sensa ya mwaka 1948. Kwa mara ya kwanza watu walihesabiwa kwa utaratibu uliofanana katika nchi hizo. Uganda ilionekana kuwa na watu karibu milioni 5.

Jambo kubwa zaidi kwetu ni lililofuata. Baada ya hesabu ya jumla ilifanyika sensa ya sampuli. Sampuli, kama mnavyojua jikoni, ni ule wali kidogo unaouonja ili kujua kama chungu kizima kimeiva. Watu wa sampuli waliulizwa maswali mengi zaidi, na wanawake wakaulizwa juu ya watoto waliowazaa na waliofariki.

Majibu yalikuja na mashaka yake. Wanawake wengi hawakujua mwaka waliozaliwa, kwa hiyo umri uligawanywa katika makundi mapana tu. Vizazi na vifo havikuwa vikiandikishwa kikamilifu. Mtaalamu aliyezoea vitabu vya Ulaya, ambako kila mtoto ana cheti, angeweza kuyatupa majibu hayo na kusema kwamba hayafai.

Katika idara hiyo ya Nairobi alikuwapo kijana kutoka Scotland aliyeitwa William Brass. Hakuyatupa. Alijiuliza: mama asiyejua kusoma, asiyejua umri wake kwa hakika, anajua nini kwa hakika? Jibu lilikuwa wazi. Anajua amezaa mara ngapi, na anajua amezika mara ngapi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Juu ya msingi huo Brass alijenga hesabu ambayo baadaye ilipewa jina lake. Alianza kuichapisha mwaka 1953, akaendelea kuiboresha, na hatimaye akawa mwalimu mashuhuri wa elimu ya idadi ya watu mjini London. Mbinu hiyo imetumika Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Wengi wanaoisoma vyuoni hawatambui kwamba mizizi yake iko katika majibu ya akina mama wa Afrika Mashariki.

Hesabu yenyewe inavyofanya kazi

Usiogope hisabati hapa; mfano mmoja unatosha. Tuseme, kwa kuwazia tu, kwamba katika parokia fulani wapo wanawake 100 wenye umri wa miaka 20 hadi 24. Kwa pamoja wamezaa watoto 150, na kati yao 15 wamefariki. Sehemu ya waliofariki ni moja ya kumi. Kwa kuwa mama hawa ni vijana, watoto wao wamezaliwa katika miaka ya karibuni. Brass alionyesha kwamba sehemu hiyo, ikisahihishwa kidogo, hukaribia uwezekano wa mtoto kufa kabla ya kutimiza miaka 2. Majibu ya mama wa miaka 25 hadi 29 hutuambia habari za vifo kabla ya miaka 3, na ya mama wa miaka 30 hadi 34 habari za vifo kabla ya miaka 5.

Tazama uzuri wake. Hakuna cheti cha kifo kilichohitajika, wala daktari, wala daftari la hospitali. Mama ametaja idadi mbili tu, na kutokana na idadi hizo nchi imejua jinsi watoto wake wanavyokufa.

Kwa upande wa uzazi, Brass alikutana na kasoro nyingine. Ukimwuliza mama kama amezaa katika miezi 12 iliyopita, miezi hiyo hurefuka au kufupika katika kumbukumbu. Mmoja atamtaja mtoto aliyezaliwa miezi 15 iliyopita. Mwingine atamwacha wa miezi 11. Nao wanawake wazee, wakiulizwa jumla ya watoto, huwasahau waliofariki zamani au waliokwisha kuondoka nyumbani. Lakini wanawake vijana hutaja jumla yao vizuri, kwa sababu watoto ni wachache na mambo ni ya juzi. Brass akalinganisha majibu ya aina mbili, ya mwaka uliopita na ya maisha yote ya mama vijana, na kwa tofauti iliyoonekana akasahihisha hesabu nzima.

Majibu yalifichua nini?

Jambo la kwanza lilihusu Buganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Audrey Richards, mwanaanthropolojia aliyeongoza Taasisi ya Utafiti wa Kijamii ya Afrika Mashariki hapo Makerere, pamoja na Priscilla Reining, walichunguza uzazi katika Buganda na kwa Wahaya wa Tanganyika, kwa kuwahoji wanawake wenyewe. Waligundua kwamba wanawake wengi katika jamii hizo hawakuwa wamezaa kabisa. Ugumba ulikuwa jambo la kweli, na wataalamu wengi wameuhusisha na maradhi kama kisonono. Ila sasa uligeuka kuwa tatizo la kiafya linaloweza kupimwa na kutibiwa, na si hukumu juu ya tabia za wanawake.

Jambo la pili lilihusu nchi nzima. Sensa ya mwaka 1959 ilikadiria kuwa mwanamke wa Uganda angezaa wastani wa watoto 5.9 katika maisha yake. Ile ya 1969 ikatoa 7.1. Je, uzazi uliongezeka kiasi hicho katika miaka 10? Jibu la mwangalifu lina sehemu mbili. Penisilini na dawa nyingine ziliwaponya wengi ambao zamani wangebaki bila watoto. Wakati huohuo, makarani walikuwa wamejifunza kuuliza vizuri zaidi, hivyo watoto waliosahaulika zamani walianza kutajwa. Mwanafunzi wa historia hana budi kuzikumbuka sababu zote mbili kila aonapo tarakimu zinazopanda ghafla.

Jambo la tatu ndilo linalogusa moyo. Katika sensa ya 1959, vifo vya watoto wachanga vilikadiriwa kuwa 160 kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Kufikia 1969 vilikuwa vimeshuka hadi 120. Nchi ilikuwa inasonga mbele. Kisha mwaka 1971 Idi Amin akatwaa madaraka, na miaka ya vita, kufukuzwa kwa watu na kuanguka kwa huduma ikafuata. Sensa ilifanyika Januari 1980, miezi michache baada ya Amin kuangushwa, lakini kumbukumbu zake nyingi zilipotea katika misukosuko kabla ya kuchambuliwa kikamilifu. Akina mama walikuwa wamejibu, na majibu yao yakapotea.

Walipoulizwa tena mwaka 1991, kiwango kilichopatikana kilikuwa 122. Linganisha: 120 mwaka 1969, 122 mwaka 1991. Miaka 22 ilikuwa imepita bila hatua hata moja mbele. Kuna vitabu vingi juu ya dhuluma za miaka hiyo, lakini ushahidi huu ulitoka kwa wanawake waliokaa barazani, karani akiwauliza mmoja mmoja: umezaa wangapi, na wangapi wamefariki? Ni hesabu ya makaburi madogo ambayo hakuna ofisi iliyoyaandika.

Baada ya hapo habari zikawa njema. Sensa ya 2002 ilionyesha vifo 87 kati ya kila watoto 1,000, na ile ya 2014 ikaonyesha 53. Uchunguzi wa Afya na Idadi ya Watu wa mwaka 2022, ambao nao huwahoji wanawake kwa undani, ulipata 36. Uzazi pia umeshuka, kutoka wastani wa watoto 7.1 mwaka 1991 hadi 5.2 katika uchunguzi huo wa 2022.

Hata hivyo, mbinu hii ina upofu wake. Anayejibu ni mama aliye hai. Katika miaka ambayo UKIMWI uliwaua wengi, mara nyingi mama na mtoto walikufa wote, na hakubaki mtu wa kueleza habari zao. Kwa hiyo vifo vya miaka hiyo vilionekana vichache kuliko vilivyokuwa.

Lugha ndiyo mlango

Sasa tuingie katika somo letu la Kiswahili. Linganisha maswali haya mawili: "Una watoto wangapi?" na "Umezaa watoto wangapi?" Yanaonekana mamoja, lakini hayafanani hata kidogo. Anayeulizwa swali la kwanza atahesabu watoto anaowalea, akiwamo mtoto wa dada yake, kwa maana kwetu mama mdogo ni mama. Tena atawaacha waliofariki, kwani hana nao tena. Swali la pili huwaondoa wasio wa tumbo lake na huwarudisha marehemu. Tofauti hiyo ipo pia katika Kiganda, kati ya *Olina abaana bameka?* na *Wazaala abaana bameka?* Karani akikosea kitenzi, taifa limekosea hesabu.

Ndiyo maana maswali hugawanywa vipandevipande: wa kiume wangapi, wa kike wangapi, wa nyumbani, wa kwingine, waliofariki. Kila kipande huichokonoa kumbukumbu. Neno *dodoso* lenyewe latokana na kitenzi *dodosa*, yaani kuuliza kwa kina na kwa uangalifu. Tena karani hufundishwa kufafanua maana ya "aliyezaliwa hai": hata mtoto aliyelia mara moja tu kisha akafariki huhesabiwa. Mama wengi hawamtaji mtoto huyo mpaka waulizwe, kwa kuwa labda hakupewa hata jina.

Umri nao hutafutwa kwa lugha. Asiyejua mwaka wake huulizwa matukio: ulikuwa umezaliwa Kabaka Mutesa alipopelekwa uhamishoni mwaka 1953? Ulikuwa umevunja ungo tulipopata uhuru mwaka 1962? Hiyo huitwa kalenda ya matukio, na kwayo historia ya nchi hugeuka kipimo cha maisha ya mtu.

Kuna pia maneno yanayojeruhi. *Tasa* ni neno la kamusi, lakini karani mwenye adabu hamwiti mwanamke hivyo. Huuliza, husikia "sijazaa," huandika sifuri, na huendelea bila kushangaa wala kutoa pole isiyoombwa. Na tazama utajiri wa kitenzi *fiwa*. Mtoto *amekufa*, mama *amefiwa*. Kauli hiyo ya kutendewa hutukumbusha kwamba nyuma ya kila tarakimu ya kifo kuna mtu wa pili aliyebaki hai, naye ndiye anayejibu swali.

Haki ya anayeulizwa

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki si vizuri kuhesabu watoto wako hadharani, watu wakiogopa husuda au mkosi. Ongeza juu ya hilo aibu ya binti aliyezaa kwa siri, uchungu wa aliyefiwa, na fedheha ya asiyezaa mbele ya mawifi. Ndipo utaona kwa nini swali hili haliwezi kuulizwa ovyo, mume akisikiliza mlangoni na jirani akichungulia. Mara nyingi mkuu wa kaya hujibu kwa niaba ya wote. Kwa jinsia na idadi ya vitanda, hakuna neno. Kwa uzazi, mume anaweza asijue juu ya mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa, naye baba mkwe hajui lolote. Jibu bora hutoka kinywani mwa mwanamke mwenyewe, pembeni, kwa sauti ya chini.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Shirika la Takwimu la Uganda ya mwaka 1998 inalinda siri ya taarifa za mtu binafsi, na karani hula kiapo kabla ya kuanza kazi. Majibu hutumika kutengeneza jumla na wastani. Hayapelekwi kwa mume, kwa mwenyekiti wa kijiji, wala kwa mtoza kodi.

Raia naye ana wajibu wake. Idadi ya watoto waliozaliwa mwaka huu ndiyo idadi ya madawati yatakayohitajika darasa la kwanza baada ya miaka 6, na ndiyo idadi ya chanjo zinazohitajika leo. Maadamu vizazi na vifo vyote haviandikishwi kikamilifu katika nchi yetu, serikali itaendelea kumtegemea mama na kumbukumbu yake. Baadhi yenu mtaajiriwa siku moja kuwa makarani wa sensa. Mtakapofika penye swali la watoto waliofariki, msilipite mbio kwa sababu linaumiza. Nyamazeni kidogo, mpeni nafasi, kisha andikeni sawasawa alivyosema.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini hesabu za mwaka 1911, 1921 na 1931 hazikuweza kueleza ukweli juu ya uzazi.
2. Tunga sentensi zinazoonyesha tofauti ya maana kati ya *zaa*, *zalia*, *zalisha* na *zaliwa*. Kisha fanya vivyo hivyo kwa *fa*, *fia* na *fiwa*.
3. Kati ya 1969 na 1991 vifo vya watoto wachanga havikupungua. Taja sababu tatu, kisha mwulize mzee mmoja wa familia yako anayekumbuka miaka hiyo. Mwulize kwa adabu, na umsikilize mpaka amalize.